Idadi: Moja

Mimi karani wa takwimu, ghorofa ya pili,
nyuma ya soko la Kilombero, Arusha.
Nachapa namba za watafiti watatu
wanaokutana tu penye birika la chai.

Hilaria ana majani ya mbuni.
Alfajiri yuko shambani Tengeru, taa kichwani,
anayabana kwa koleo dogo lenye waya
na kuyapima pumzi.
"Jani lina midomo," aliniambia, "upande wa chini,
maelfu kwa maelfu. Kiu ikizidi, linaifumba.
Linaokoa maji, linalala njaa."
Nikaitikia kwa kichwa,
kiganja mdomoni.

Aikaeli ana mvua.
Madaftari ya misheni, madaftari ya walowezi,
wino uliofifia, pembe zilizoliwa na mende,
milimita juu ya milimita.
Pengine aliyepima aliugua, pengine alilewa:
siku tisa mfululizo hakuna kitu.
"Usijaze kwa kubuni," hunikanya.
"Pengo nalo ni habari."

Daktari Nnko ana meno.
Ameyapanga kwa rangi: karatasi, maziwa mgando,
chai ya rangi, kahawia,
kahawia yenye vishimo.
Mimi ni wa mwisho kasoro mmoja.

Nimezaliwa Maji ya Chai. Ukilitaja kwenye usaili
wanaacha kusoma vyeti, wanakutazama kinywa.
Katika picha ya harusi nimenuna kama mfiwa.
Mama mkwe hadi leo anaamini nilimkataa mwanawe.

"Tiba ipo," Nnko alisema. Kusugua kwa asidi
na unga wa jiwe, kisha dawa ya kung'arisha, wiki sita.
Na hili la pembeni litoke, limebanwa.
Saini hapa. Na hapa:
jino likishang'oka si lako, ni la utafiti.

Nikasaini. Ganzi ikapanda hadi sikioni.

Alilichanja vipande vyembamba kama ganda la kitunguu,
akaniita kwenye hadubini.
Mistari, mistari, kama ya daftari la shule.
"Kila mmoja ni siku chache za utoto wako."
Katikati, mmoja mpana,
mweusi kama masizi ya sufuria.

Nilihesabu umri kwa vidole,
nikashuka ngazi mbili mbili hadi kabati la Aikaeli.
Mwaka wa unga wa yanga.
Vuli: sifuri. Sifuri. Hakuna kitu. Sifuri.
Kijito cha kwetu kilikuwa njia ya mbuzi;
mama akateka kisima kirefu cha shambani,
maji mazuri kwa macho, matamu hata,
na bibi akalainisha makande kwa magadi
kwa kuwa kuni nazo zilikuwa haba.
Nilikula. Nilikunywa. Nililia nikaongezewa.

Nikamuuliza Hilaria, mibuni yako je?
Akacheka: "Hiyo imepandwa juzi, haikumbuki kitu."

Na Nnko, nilipompelekea karatasi mbili sambamba,
alivua miwani akaifuta kwa shati.
"Usiandike hivyo, mama. Jino moja si ushahidi.
Mstari huo unaweza kuwa surua tu."

Anasema kweli. Nami nimewahi kuugua surua.

Basi nimefungua faili jipya.
Idadi: moja. Jinsia: ke. Mahali: Maji ya Chai.
Sababu: nimeacha wazi.
Nje mvua imenyesha dakika nne, imekatika;
Aikaeli ametoka mbio na kalamu sikioni.
Ulimi wangu unakwenda na kurudi
kwenye shimo laini, lenye ladha ya chuma.
Hii ni wiki ya tatu. Nimefika maziwa mgando.

Hilaria amesema jambo kuhusu sketi ya Nnko,
alimaanisha koti. Tumecheka sote.
Mkono uliinuka wenyewe,
ukafika kifuani, ukasahau ulikokuwa unakwenda.