Safu ya Sita

Jedwali letu lina safu saba.
Jina la kipindi, mwanzo, mwisho, chanzo,
hizo hujazika, hata kwa kubahatisha.
Ni ya sita iliyonikalisha Newala wiki ya tatu hii,
sweta mwilini, kompyuta juu ya gunia la korosho:
Eneo. Kipindi hiki kilienea wapi?

Ukibonyeza, inateremka orodha ya nchi.
Nchi za leo, zimepangwa kwa alfabeti kama watoto mstarini,
nami nichague moja
niuvishe mwaka ambao nchi yenyewe haijazaliwa.
Ni kumshonea babu wa babu sare ya shule ya kilembwe,
kisha kumwuliza mbona inambana kwapani.

Niliandika: Enzi ya Maji ya Bondeni.
Jina si langu. Ni la Skolastika Namkoma,
anayechambua korosho ghalani
na hajapata kutaja mwaka kwa tarakimu mbele yangu.
"Wakati ule tukiteka bondeni," ndivyo asemavyo.
Mwanzo? "Tangu watu walipopanda kukaa huku juu."
Mwisho?
Akanitazama kana kwamba nimeuliza bei ya kivuli.
"Mwisho wa wapi?"

Maana bomba halikufika siku moja.
Lilifika sokoni, likapumzika.
Likafika misheni. Nyasi zikaota, zikachomwa, zikaota,
ndipo likafika kwa kina Namkoma.
Kwa shangazi yake, hatua mia tatu mbele,
halikufika hadi anazikwa.
Aliogeshwa kwa maji ya bondeni.
Enzi haikuisha pale; aliyeisha ni yeye.

Basi nikachora. Uwanda wote buluu,
nikatoboa tundu sokoni, tundu misheni,
tundu hapa, tundu pale,
ramani ikawa chujio la tui.
Jedwali likajibu kwa wino mwekundu: Umbo halikubaliki.
Na juzi bomba la sokoni limekauka siku tisa.
Nimeziona ndoo za njano zikishuka genge kwa foleni,
nikabaki na kipanya mkononi:
je, nilizibe tundu lile?

Kuna mhariri mwenzetu, simjui, jina lake herufi mbili.
Usiku mmoja alifuta yote akaandika: Kusini mwa Tanzania.
Nadhifu. Hakuna wino mwekundu.
Lakini kusini mwa nani?
Kwa Anselmo, ng'ambo ya Ruvuma, sisi ni kaskazini,
na bibi zake nao walishuka na mitungi gizani
wakapanda jua likichomoza,
wakilaani mteremko kwa Kimakonde hikihiki.
Simlaumu wa herufi mbili.
Jedwali ni la wote; kila mwenye ufunguo anaweza kuhamisha mto.

Leo saa nne usiku niliandika:
Eneo: popote ndoo ingali na safari.
Nikaisoma mara mbili, nikaifuta.
Jedwali halina safu ya ushairi.

Nimeandika majina ya mitaa, mmoja mmoja, kumi na saba,
na mbele ya kila mtaa mwaka wa bomba
kama walivyoutaja waliolipokea:
mwaka wa harusi ya fulani,
mwaka korosho zilipokosa mnunuzi.
Mbele ya mtaa wa shangazi nimeacha wazi.
Si sifuri. Si "haijulikani". Wazi.

Umeme ukakatika, ukarudi.
Anselmo alikuwa ameshaingia:
chini ya majina yangu ameongeza yake tisa,
na pembeni swali moja,
"Mto wenyewe tuuweke ndani au nje?"

Sijamjibu.
Nimekwenda jikoni kutazama ndoo.