Kilango Kikiwa Wazi

Saa tatu usiku nilikifungua kilango
nikakibana kwa waya wake, kisijifunge.
Kamera ya marehemu mjomba Fidencio,
chuma kitupu: haili betri, haijui baridi.
Miguu yake mitatu niliizika kwenye changarawe,
katikati nikaning'iniza mfuko wa chumvi,
maana upepo wa nyanda hizi
huja bila hodi na huondoka na mabati.
Shingoni mwa lenzi, soksi ya mchele wa moto
ili jalidi isikae kwenye kioo.
Kisha nikakalia ndoo,
blanketi mabegani, majani ya koka shavuni.

Niliielekeza kusini, juu ya paa letu.
Huko hakuna nyota ya kushika usukani.
Msalaba huzunguka, na wenziwe wote huzunguka,
kama kuku wanaozunguka mahali pa bakuli
ambalo mtu ameshaliondoa.
Bibi Saturnina alisema pale kuna kisima
anaponywa maji lama mweusi wa mbinguni.
Mwalimu alisema pale hapana kitu.
Mimi nilitaka picha ya hapo
hapana kitu.

Saa nne na ushei, taa.
Lori. Si la kampuni, lipitalo na madini yake;
hili lilikata kona.
Nikavua kofia, nikaufunika uso wa kamera
upesi, kama unavyomziba mtoto macho,
mpaka injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Baba.
Hatukumtarajia hadi mwezi wa nane.

Alivuka ua na gunia la unga begani.
Akarudi, akavuka na machungwa.
Akarudi, akavuka na gurudumu la baiskeli ya Wilmer
alilokuwa ameliahidi tangu mwaka juzi.
Alinibusu utosini, ananuka dizeli na usingizi.
"Unafanya nini gizani, Yaneth?"
"Nasubiri."
Akacheka: "Umemrithi mama yako."
Mlango ukafunguka, ukatema mwanga, ukafungwa.
Nikasikia vijiko. Nikasikia mama akicheka
kicheko ambacho huwa amekiweka kabatini
pamoja na vikombe vya wageni.

Usiku wa manane alitoka peke yake
akasimama ukutani, mbele ya tanuri la mkate.
Hakuniona, au aliniona.
Nyota zilikuwa zikitembea, nasi tumesimama,
hivyo ndivyo ilivyoonekana.

Saa kumi akaondoka.
Kofia tena juu ya lenzi, taa, kona, vumbi.
Nyuma ya mgongo wangu Kilimia kilikuwa kimechomoza,
nacho sikukihitaji.
Nikafunga kilango.

Picha ilirudi kutoka Iquique baada ya wiki tatu,
imekunjika pembe moja.
Nyota zimechora karibu theluthi ya duara,
nyuzi za fedha, nyuzi za samli, moja ya kutu,
na katikati, juu kidogo ya paa,
shimo dogo jeusi, kama nilivyoomba.
Paa limo. Tanuri limo.
Mbwa yumo, kwa sababu alilala.

Baba hayumo.
Safari zote zile za kuvuka ua, hata kivuli.
Kamera ikiachwa wazi hivi haina habari na apitaye;
huandika kikaacho, na kiwakacho.

Mama aliipeleka picha dirishani.
"Yuko wapi?"
Nikamwonyesha: pale ukutani, kimo cha mdomo wa mtu,
uzi mwekundu, mwembamba kuliko wa kushonea,
unapanda, unakawia, unashuka,
unapanda tena karibu na ulipopanda kwanza.

Aliufuata kwa ukucha, juu, chini, juu,
mpaka unapokatika.
"Mkono wa kushoto," akasema.
"Na mimi aliniambia ameacha."