Beba Moja

Kadi yangu ya benki haikai kwangu.
Inakaa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
katika droo ya Hatibu Mgaza,
imefungwa kwa mpira pamoja na kadi za wenzangu:
ya Mbelwa wa Sayansi, ya Bi Zuhra wa darasa la kwanza,
ya mwalimu mkuu pia, ingawa yeye hutuma mtoto, tena usiku.
Tumelala humo kifudifudi
kama madaftari yanayongoja kusahihishwa.

Mshahara ukiingia, Hatibu ndiye anayepanga foleni.
Namba yangu ya siri ni mwaka nilioajiriwa;
yeye anaijua, mume wangu haijui.
Hukata chake, hunihesabia makombo,
hunitilia na pipi ya mnanaa juu yake:
"Ya mtoto, mwalimu."

Simlaumu. Nilikwenda kwa miguu yangu
mwaka ule uhamisho ulipotoka
na fedha ya uhamisho isitoke,
nikasafirisha magodoro kutoka Handeni kwa nauli ya mkopo.
Fomu ya madai nimejaza mara tatu.
Ya kwanza ilipotea. Ya pili ilikosa muhuri.
Ya tatu inashughulikiwa,
na kinachoshughulikiwa hakifi wala hakiponi.

Chama kikatangaza: Jumatatu tunagoma.
Ofisini kwetu, viti vinne, walimu kumi na mmoja,
Mbelwa akapanda juu ya benchi:
"Watoto mia na kumi na wawili chumba kimoja,
ruzuku imeleta katoni moja ya chaki
na barua ya kurasa mbili kuielezea hiyo katoni!"
Tulicheka mpaka Bi Zuhra akajifuta machozi kwa kifutio,
akatoka na shavu jeupe, tukacheka upya.

Jioni Hatibu alinifuata Makorora,
kavua viatu mlangoni kama mwenye msiba.
"Msigome, mwalimu, nakuomba.
Wakizuia mishahara, mimi nitakula wapi?"
Katika nchi nzima
ni yeye peke yake aliyenibembeleza.

Jumatatu, kabla ya saa nne, redio ikasema
mahakama imesema mgomo ni batili.
Saa nne na nusu nilikuwa ubaoni: asilimia.
Mtoto wa dawati la nyuma akanyoosha kidole.
"Mwalimu, kwani mmeshalipwa?"
Nikamwambia afungue ukurasa wa arobaini.

Ijumaa nikaenda kuongeza mkopo, kwa sare na godoro
la binti anayeanza kidato.
Umeme hakuna, simu ya Hatibu imezima,
akachukua kalamu akapiga hesabu kwa mkono.
Darasa la tano nilimfundisha mimi,
safu ya dirishani, akiuza kashata chini ya dawati.
Saba yake bado ina mkanda tumboni.

Laki tatu na themanini na tano elfu,
jumlisha laki moja na tisini.
Midomo yake ikicheza: nane na tisa, kumi na saba.
Akaandika saba.
Na ile moja ya kubeba
akaiacha njiani, kama zamani, kama kila siku,
kama siku niliyomsimamisha mbele ya darasa zima
akaimba "beba moja, beba moja" mpaka kengele.

"Laki nne na sabini na tano," akasema,
akapiga mistari miwili chini ya jibu, kwa rula,
vile nilivyomfundisha.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkobani.
Miaka ishirini na miwili mkono huu
haujaona kosa ukatulia.
Ulishaanza safari. Nilihisi vidole vikitafuta kifuniko.
Nikafunga zipu.

"Ni sawa, mwalimu?"

Ni sawa, nikasema, nikatia saini.

Nikagoma hapo, saa kumi na dakika kumi,
barabara ya kumi na mbili,
bila bango, bila taarifa ya saa arobaini na nane.

Pipi nikaila mwenyewe.