Gonga Mbili

Miaka kumi na mmoja tumegawana ukuta,
mimi na Elieza Chibago, hapa Chang'ombe.
Upande wake magodoro na trei za mayai hadi darini,
upande wangu msumari, futi kamba,
kalenda ya mwaka juzi ambayo sina moyo wa kuitoa.

Akigonga mara mbili, nasimamisha cherehani.
Huo ndio mkataba, haukuandikwa popote.
Mguu juu ya pedali, sindano katikati ya pindo,
nasubiri kijana kutoka Mwanza au Morogoro
amalize kulia mapenzi kwenye kipaza sauti.
Kisha gonga moja: endelea, Mama Ndahani.
Zile nyimbo mlizochezea harusini,
mimi nilizinyamazia.

Kazi yake ilikuwa kufuta.
Alifuta mbwa wa jirani, bodaboda, adhana ya alasiri,
upepo wa Agosti unaopekua mabati kama mdai,
hata ile pumzi mtu anayovuta kabla ya neno.
Mjini walimwita Sabuni. Walipanga foleni, wengine na magari:
akikuosha yeye, mama yako mwenyewe
atauliza redioni anaimba nani.

Halafu mwaka huu akaunda bendi yake.
Nikaona wanaingia mmoja mmoja, nikadhani wamepotea:
Nyemo wa kwaya, na kinanda chake kwenye shuka;
Zaituni wa Kondoa, aliyeacha taarabu alipofiwa;
mtoto wa singeli, jina sijalijua mpaka leo,
anatembea kama anayefukuzwa;
na shangazi yake Elieza, Mwaja, kutoka Mvumi,
ngoma ya muheme mapajani, kapu la mlenda mkavu kando,
kwa sababu safari ya mjini haiendi mikono mitupu.

Wiki tatu nilisubiri kugongewa.
Hakuna.
Nikashona kwa wasiwasi, kama mtu anayekula mbele ya wageni.

Siku ya kugonga, nikasimama palepale.
Kimya. Kisha mlango wangu ukafunguka, ni yeye,
ameshika kipaza sauti kama kuku wa kuchinja.
"Leo nimegonga ili uendelee," akasema.

Basi nikashona.
Sketi ya kidato cha kwanza, ya bintiye Mzee Lugoha,
bluu iliyokoza, pindo la vidole vinne.
"Kaza mwendo." Nikakaza.
"Tena." Singeli ikanishika kisigino,
nyuma ya ukuta muheme ukajibu,
Zaituni akaingia kwa sauti ya mtu anayefungua sanduku la marehemu,
na cherehani, niliyoinyima mafuta tangu Pasaka,
ikalia *nyii, nyii*, bila aibu.
Nikatazama uso wake, nikingoja afute.
Hakufuta.

Albamu ameiita *Makapi*.
Aliyepeta uwele miaka ishirini
amerudi uani kuokota alichokipeperusha.
Upepo umo. Mbwa yumo, wimbo wa saba.
Kikohozi cha Mwaja kimo, na Mwaja akikiomba radhi kwa Kigogo.
Mtangazaji alimuuliza aiweke kapu gani:
ni dansi, ni kwaya, ni taarabu, ni kelele?
Elieza akafikiri mpaka watu wakadhani redio imekatika.
"Iweke mlangoni," akasema.

Sasa wateja wanakuja kuisikia cherehani.
Nimeshaitia mafuta. Inasema *tss* tu, kama mke aliyechoka kubishana.
Wanaondoka wamenuna, wengine bila hata kununua kifungo.

Lakini lipo jambo sijamwambia Elieza.
Pindo lile, kwa mwendo ule, lilikwenda upande.
Kesho yake nililifumua lote kwa wembe,
nikalishona upya polepole, kwa kimya changu,
na mtoto anapita nalo kila asubuhi, limenyooka.
Lile jingine halipo tena duniani.
Lipo wimbo wa nne, dakika ya pili,
limepinda vilevile,
na Dodoma nzima inalicheza.