Mkono wa Kushoto

Walinichukua kwa sababu ya mikono yangu.
Karani aliuliza, "Kazi yako?" Nikasema, "Visima."
Akaandika neno, akalipigia mstari chini,
na mimi, Durmush mwana wa Veli, wa nyanda kavu za Konya,
nikaiona bahari mara moja tu, asubuhi ya kufika Gelibolu:
imejaa meli za chuma, zimesongamana
kama kondoo kwenye lango la zizi.
Halafu nikashushwa chini ya ardhi.

Juu yetu handaki letu. Hatua kumi na mbili mbele, handaki lao.
Huko juu watu walirushiana mabomu kwa mkono
kama watoto wagombanao kwa mawe,
na nzi walikuwa wengi hata huoni mkate unaoula.
Sisi tulitambaa. Tulichimba kwenda kwao,
nao walichimba kuja kwetu,
na katikati mfinyanzi mwekundu, mzuri,
udongo ambao kwetu ungenipa maji kwa siku tatu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.
Niliingia. Kwa amri, lakini niliingia.

Luteni Nazmi alinifundisha kusikiliza:
weka bakuli la maji sakafuni, sogeza mshumaa,
maji yakitetemeka, wapo.
Sikuhitaji bakuli. Niliweka shavu ukutani.
Usiku wa nne nikamsikia.
Ko. Ko. Kisha koleo, likikwaruza.
Nilijua ni shoto, pigo lilikuwa likitua upande usiotarajiwa;
baba yangu alikuwa shoto, nimekulia kwenye mlio huo,
nimeshika kamba, nasubiri ndoo.
Alikohoa. Kikohozi cha mtu aliyekula vumbi la mawe tangu utotoni.
Sikujua jina lake, wala kilichomtoa
upande wa pili wa dunia
aje kutoboa mlima wa watu.

Akipumzika, nilipumzika.
Si huruma. Ukipiga naye amenyamaza, atakusikia.
Lakini mwili haujui sababu za mambo.
Kufikia siku ya tisa tulikuwa tukila saa moja.

Kanuni ilikuwa fupi, kila mchimbaji aliijua:
wakichimba, uko salama.
Wakinyamaza, wanapanga baruti.

Siku ya kumi na moja alinyamaza.
Nikahesabu mpaka mia. Nikahesabu tena.
Nikatambaa nikamwambia luteni, naye
akaitazama saa yake kama mtu anayetazama kidonda.
"Tuwatangulie."

Tuliburuta masanduku kwa matumbo yetu,
tukaziba kwa magunia ya mchanga.
Nilikuwa wa mwisho kutoka, naukunjua utambi nyuma yangu,
na kabla sijageuka niliweka shavu ukutani,
mazoea tu,
nikasikia:
ko.
Ko.
Dhaifu. Kama mtu aliyeamka kwenye homa
anajaribu kama mikono ingali yake.

Kutoka pale hadi mlangoni ni pumzi arobaini.
Najua, nilizivuta moja moja.
Luteni alikuwa amechuchumaa, kiberiti tayari.
"Bado kimya?"

Mlima uliinuka kidogo, ukakaa.
Mlio ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani.
Huko juu mtu wetu mmoja alishangilia,
akaacha peke yake, kwa aibu.

Tangu hapo nimechimba visima thelathini na sita.
Maji matamu, isipokuwa viwili.
Kila nikishuka, kabla ya pigo la kwanza,
naweka shavu ukutani, nangoja.
Waliosimama juu hudhani naomba dua;
huinua viganja vyao, wakaitikia amina,
na sauti zao hunifikia kule chini zimechelewa.

Mwanangu Satilmish ndiye mshika kamba.
Ana mabega, ana akili ya udongo kuliko mimi.
Kila mwaka huniuliza lini atashuka yeye.
Ni shoto, amemrithi babu yake.
Simpi sururu.