Jumanne, Saa Mbili Unusu

Jumanne usiku sipokei simu.
Nakaa mkekani, mgongo ukutani,
miguu ndani ya beseni la maji moto ya chumvi,
maana tangu alfajiri nimesimama Shimanzi
nikihesabu magunia ya chai yasiyo yangu,
na sasa namngoja Mkaluma.

Mama hampendi.
"Mwanamke gani huyo, ulimi kama wembe?
Kamsahau mwanawe shuleni hadi magharibi!"
Lakini hajaondoka sebuleni hata mara moja.
Amenya vitunguu polepole, jicho moja kwenye kisu,
jingine kwa yule kontrakta wa kofia ya manjano
anayewafokea wanaume juu ya jukwaa la mbao
kisha anajifungia garini
na kula mahamri matatu bila kupumua, akilia.

Mimi huyo.
Si kofia, si gari. Yale mahamri.

Watu husema mambo ya runinga ni uongo mtupu.
Sawa. Lakini nani kamwambia mtunzi wake
kwamba mtu hujibu "nimeshakagua"
na hajakagua,
kwa kuwa tu mabosi wamesimama wakitazama saa
na yeye ndiye mwanamke pekee mwenye kalamu?

Sehemu ya nne, ukuta wake ulianguka.
Akamtaja seremala. Kijana. Akafukuzwa.

Mwezi wa Februari yalipungua magunia sita.
Mizani niliisoma mimi. Nilikuwa nimechoka,
mtoto alikuwa na homa, sikulala usiku kucha...
hapana, ngoja. Homa ilikuwa wiki iliyotangulia.
Nilikuwa nikiongea na simu.
Nikasema: labda Baya, yule hamali mpya.
"Labda" tu. Neno dogo, laingia mfukoni.
Wanasema sasa asukuma mkokoteni Kongowea.
Mimi nikapandishwa cheo.

Leo Mkaluma kasimama mbele ya bodi.
Shati halikupigwa pasi. Midomo imemkauka.
Mama ameacha vitunguu.
"Sema basi, mwanahizaya we!"
Mkaluma avuta pumzi, afungua mdomo

na tokeni zikaisha.

Giza. Feni yazunguka kwa ukaidi
mara tatu, nne, yafa.
Kwa jirani runinga ingali yasema
ila sauti ni manung'uniko, sipati neno,
nami nimebandika sikio kwenye chokaa kama mwizi.
"Amesema?"
"Sijui, mama."
"Atasema. Ana kichwa kigumu yule, lakini atasema."

Maji ya beseni yamepoa.
Nimeshika simu ninunue umeme,
na kidole kimekwenda kwenye B.
Namba ninayo tangu Februari.
Sikuifuta, wala sijui kwa nini sikuifuta.

Inaita.

"Nunua za mia mbili," mama asema gizani,
"tusije tukakosa na marudio."