Kiganja

Mkono huu wa tofali, Sista Tuntufye, ndio uliofanya.
Inchi sita, mia na hamsini kwa siku.
Sugu zake zinakwaruza hata shuka la wodini.

Nilifundishwa saiti, Mbezi, siku ya usalama:
mdoli wa mpira, kifua kipana kama changu.
"Bonyeza kwa nguvu," alisema kijana wa kampuni,
"usiogope kuvunja."
Tukacheka. Tukapewa soda.

Ramla si mdoli.
Ramla ana miezi kumi na minne,
na ndoo ya kufulia ilikuwa na maji ya robo tu,
na povu.
Mama yake alikwenda kuanua kanga, akarudi
akaona miguu.

Jirani mmoja akamning'iniza kichwa chini.
Mwingine: mkamue tumbo, maji yatoke!
Nikawanyang'anya. Nikamlaza sakafuni
nikahesabu kama nihesabuvyo mzigo,
moja, mbili, tatu, kwa kiganja kizima, kwa mabega,
chini kidogo, Sista,
chini kidogo ya panapotakiwa,
pale laini mbavu zinapoachana
kama mlango usio na komeo.

Akatapika. Akalia. Ua mzima ukalia.
Wakaninyanyua juu juu, mimi,
Tabata Kimanga yote ikaniita daktari
kwa saa tatu.

Usiku, Amana, tumbo likajaa, likakaza.
Daktari wa zamu akapaka ule ute wa baridi,
akauliza, macho kwenye skrini:
"Nani alimbonyeza?"
Nikageuka nyuma, kana kwamba yupo mwingine.

Ini, akasema. Limechanika urefu wa ukucha.
Kisha, bila ukali:
wa umri huu, kitako cha kiganja kimoja,
katikati ya kifua, theluthi ya kina chake, basi.
Mchanga zaidi, vidole viwili.
Akafuta kifaa. Akaongeza:
"Usingebonyeza, nisingekuwa na ini la kupima."
Sijui niliweke wapi neno hilo.

Leo siku ya nne. Hawajampasua. Damu imetulia.
Mama Ramla kaniletea chai kwenye chupa,
hakusema kitu,
kaushika mkono huu, kaugeuza,
kautazama kama mtu anayekagua risiti.

Nifundishe tena, Sista.
Hapa, juu ya mto.
Nikizidisha, nipige.